Croisade, Mdogo wa Croisière

Jumatano, tarehe 2 Julai. Butembo, Vulamba.

Leo Ornella ametuma picha. Ornella ni mdogo wa bibi yangu, anakaa Beni na bwana yake Kitsa, mtu wa diploma. Pichani yuko ndani ya boti, Entebbe, upande wa Uganda. Miwani ya jua. Nyuma yake maji mpaka mwisho wa simu. Kitsa amesimama kando kama ndiye aliyeyamimina.

Kaswera, bibi yangu, aliitazama picha muda mrefu. Akatia chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Baadaye akaitia tena. Tulikula hivyo hivyo.

Najua alichowaza. Siku ya harusi yetu, mbele ya wajomba zake wote, nilisimama nikasema nitamtembeza juu ya maji makubwa, kisiwa kwa kisiwa. Croisière, nikasema, yaani safari ya meli ya watu wasio na haraka. Walipiga makofi. Ni makofi yale yaliyoniponza. Tangu pale mambo yameingia katikati: watoto, vita, mvua, bei ya mafuta. Binti yetu Séphora ameshaolewa, na maji makubwa pekee aliyoyaona mama yake ni ya pipa.

Jioni, akikunja nguo, alisema kwa sauti ya kawaida: "Papa Séphora, ile safari ya bateau, ukinidanganya tena mi hapana kasirika. Nitazoea tu."

Nimekaa na neno hilo. Bibi mwenye hasira bado anangoja kitu kwako. Bibi aliyezoea anakupita kama anavyopita kiti. Jirani yetu Kasika alizoewa na bibi yake. Siku hizi akikohoa hata kuku hageuki. Mimi Mbusa sitazoewa. Naandika hapa na kupiga mstari chini.

Alhamisi, tarehe 3 Julai.

Mungu hajalala. Kwenye mlango wa duka la photocopie nimekuta affiche mpya, tangazo la ukutani: CROISADE DES ÎLES. Ziwa Victoria, kisiwa kwa kisiwa. Wanandoa wanatafutwa. Safari na malazi vimepangwa. Chini, simu ya Pasta Élysée wa Beni.

Neno lenyewe lilinisimamisha kidogo. Croisade, si croisière. Mais mimi Kifaransa sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwenye karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, na aliyejifunza hivyo habanwi na mkia wa neno. Nikafikiri. Promenade ni matembezi. Limonade ni kinywaji kitamu. Balade, salade. Kila neno la Kifaransa linaloishia na -ade ni la raha. Isipokuwa malade, mgonjwa, lakini hilo ni la hospitali, halihesabiwi.

Donc croisade ni croisière ya watu wa kawaida. Mdogo wake, kama camionnette ni mdogo wa camion, lori. Na mambo ya mahubiri haiwezi kuwa, maana wahubiri wa huku mikutano yao wanaiita campagne.

Nimeivua affiche mlangoni. Wengine wasije kujaza nafasi.

Ijumaa, tarehe 4 Julai. Beni.

Nimefika nyuma ya pikipiki, nimekula vumbi la kutosha kusiriba chumba.

Pasta Élysée ni mzee mwenye mvi na macho ya upole. Kwamba pasta anapanga safari ya meli, hilo halikunishangaza. Wachungaji wa siku hizi wana shule, wana hoteli, wana maji ya chupa yenye sura yao. Ilibaki meli tu.

Hakuuliza kwanza habari ya paspoti. Aliuliza habari ya nyumba yetu. Anataka wanandoa waliodumu, wanaoishi kwa ukweli. Nikaona: hawa hawapokei kila mtu, ni chombo cha heshima. Nikamwambia mimi na Mama Séphora tumeishi miaka yote bila uongo hata wa kuazima. Kila jioni tunafungua mioyo yetu kama watu wanaochambua maharagwe. Pasta akatoa kitambaa, akajipangusa macho.

"Ninyi njo couple tulikuwa tunatafuta," akasema. "Utaweza kusema ile mbele ya batu?"

Nikamwambia mimi ni commissionnaire, natafutia watu nyumba na viwanja. Kusema mbele ya watu ndilo jembe langu.

Kabla ya kurudi nilipita kwa Kitsa. Si kwa kujisifu. Kwa kumjulisha tu, muda mrefu. Akaniita beau, yaani shemeji, akauliza: "Beau, ni croisière ao croisade?" Nikajibu croisade. Chai ikamtoka puani. Alipomaliza kujifuta akanishika bega. "Enda, beau. Enda kabisa. Na utume picha."

Wivu una sura nyingi. Wa leo ulikuwa na sukari ndani.

Jumatatu, tarehe 7 Julai. Butembo.

Nimemwambia Kaswera. Aliniangalia kama mtu anayeangalia noti kwenye mwanga. Akaomba affiche. Aliisoma kwa kidole, kidole kikasimama. "Hapa iko croisade," akasema. Nikamweleza ile ya limonade. Alifikiri. Limonade anaipenda. Akasema tutaona.

Leo chumvi imeingia mara moja.

Quartier yote, mtaa mzima, inajua tunaenda croisière, maana nimepita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja wa kwaya yetu ya parokia alimwomba Kaswera amletee mchanga wa kisiwa kwenye chupa. Fundi amemshonea robe ya bluu. Mimi nimemtafutia kofia ya majani, pana kama ungo, na miwani ya jua kupita ile ya Ornella. Aliivaa mbele ya kioo mlango ukiwa wazi. Akadhani sioni. Alijipinda kidogo, akatabasamu na mtu wa kwenye kioo.

Nikatoka nje nikajifanya nafukuza mbuzi. Hatuna mbuzi.

Kwa usalama nimechukua chambre à air ya gari, mpira wa ndani wa tairi. Kuogelea sijui. Kaswera pia hajui. Tutaushika wote wawili, kama ndoa.

Alhamisi, tarehe 10 Julai. Kasindi, mpakani.

Abiria wenzetu ni watu wa ajabu. Basi limejaa ngoma, maikrofoni, spika, na sanduku la vitabu vyeusi. Nimemweleza Kaswera kwamba ni orchestre ya meli. Akauliza na vitabu. Nikasema ni menu.

Wameimba tangu Beni bila kupumzika. "Batalii hawa banaimba sana," akasema Kaswera. Nikasema ni raha, inawatoka mapema.

Nyuma yetu amekaa mkulima mmoja wa Mabalako, anaitwa Kambere. Anamwambia kila mtu kwamba zamani aliuza bati za nyumba yake moja moja kwa ajili ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, mpaka mvua ikawa inanyeshea ndani kuliko nje. Kila mara analia penye bati la mwisho. Analia vizuri. Nilidhani ni mchekeshaji wa meli, ila mazoezi hayajakaa sawa.

Mpakani afisa aliuliza tunakwenda kufanya nini. Mimi nikasema raha. Pasta, kwa wakati uleule, akasema roho. Afisa akatuangalia wote wawili, akaandika kitu, akagonga muhuri. Naamini aliandika herufi ya katikati.

Shida ilikuwa kwenye mpira wangu. Waliuliza gari liko wapi. Nikasema gari sina. Wakauliza mtu asiye na gari anapeleka wapi mpira wa gari. Niliwaeleza habari ya kuzama. Wakaniomba nikae pembeni. Kaswera ndiye aliyekwenda kusema nao kwa Kinande, maana ng'ambo ile ni Wakonzo, damu yetu. Walicheka sana. Sikuambiwa alisema nini. Nilirudishiwa mpira na kupewa pole.

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Ziwani.

Tuko majini. Naandika magotini, mkono unaruka.

Bon. Si meli. Ni boti ndefu ya mbao, turubai juu, injini nyuma. Spika kubwa imefungwa mbele, mahali ambapo ningetegemea piscine, bwawa la kuogelea. Lakini maji yapo. Mungu hakubana. Tumeondoka asubuhi, jua linapanda, na visiwa vya Ssese vinajitokeza kimoja nyuma ya kingine, vya kijani kibichi, kama vichwa vya watu wanaochungulia juu ya ukuta.

Kaswera alikaa mbele kabisa, kofia kichwani. Halafu akaanza kuuliza: kile ni kisiwa gani, na kile, na kile kidogo chenye ndege weupe, nani anakaa pale. Mwendesha boti akamjibu majina. Yale asiyoyajibu nilijibu mimi. Kimoja nikakiita Vulamba, jina la mtaa wetu. Akacheka. Upepo ulipozidi alishika mkono wa shati langu, akausahau pale.

Nitakufa na saa ile moyoni. Kama ningeweza kuzimisha injini tukabaki katikati, pasipo kisiwa chochote cha kufikia, ningeizimisha.

Mchana njaa ikaingia. Nikamuuliza Pasta salle à manger, chumba cha kulia, iko wapi. Akasema kwa upole: "Leo sisi wote tuko jeûne, papa."

Nikampenda mzee yule. Mvi kichwa kizima na bado anasema yuko jeune, yaani kijana. Nikamwambia hata mimi najisikia hivyo. Akanishika mkono kwa nguvu. Chakula hakikuja, na Kambere akalalamika kwamba kufunga kunamchosha; sikuona alichofunga. Kwa huduma, safari hii nitaitolea malalamiko.

Kisha Pasta akasimama, akashika maikrofoni. Akasema wapendwa, croisade yetu inaanza leo jioni kwenye kisiwa cha kwanza. Watu wavuvi wanangoja injili. Tutahubiri kisiwa baada ya kisiwa mpaka mwisho wa mwezi. Ndugu Kambere atatubu. Na ndugu yetu Mbusa na mama, kutoka Butembo, watatoa ushuhuda wa ndoa isiyojua uongo.

Watu wakaimba. Kofia ya majani ikageuka polepole, kama feni umeme unapopungua.

Akavua miwani. "Papa Séphora. Croisade ni nini?"

Nikasema ni mdogo wa croisière.

Hakubishana. Aliinuka, akamfuata bibi ya Pasta kule nyuma, wakasema maneno machache. Nilimwona bibi ya Pasta akitaja injili, akitaja wenye dhambi, akionyesha spika. Kaswera akarudi. Akakaa. Akavua kofia, akaiweka chini ya ubao, akaweka miwani ndani ya mkoba, akafunga zipu.

Nilingoja hasira. Niliitamani. Nilijiandaa kwa yote, hata kwa kusukumwa majini, ndiyo maana nilivuta mpira karibu.

"Haya," akasema. Basi.

Haya! Ndilo neno analosema bibi ya Kasika.

Mkono wake hauko tena kwenye shati langu. Sijui uliondoka saa ngapi.

Lakini sijashindwa. Nimewaza hivi: tukishuka kisiwani nitajishika tumbo, nitaanguka, Pasta ataniacha nipumzike, Kaswera atabaki kuniuguza, boti itakwenda na wimbo wao, na sisi tutakuwa na kisiwa kizima na raha zake. Nimemnong'oneza mpango. Amesema yeye hapana mugonjwa.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni.

Naandika nikinuka samaki. Nitaeleza.

Kisiwa chenyewe ni nyumba za bati na mbao, boti zimevutwa mchangani, na kila mahali chini wameanika vidagaa vyembamba vya fedha, mithili ya ndakala zetu za sokoni. Watu walikuja wengi. Kijana wa pale alitafsiri Kiswahili kwa Kiganda. Kambere alianza. Bati, kasiksi, bati la mwisho, machozi. Wakapiga makofi ya adabu.

Nilijishika tumbo. Bibi ya Pasta akanipa kidonge. Nilikijua. Nilikuwa nimesoma karatasi yake: ni cha minyoo. Nikapona haraka.

Pasta akaniita. Nikasimama, nikasema. Mimi mbele ya watu siwezi kusema vibaya, ni kipaji. Nikawaambia ndoa ni kama nyumba. Nikawaambia mimi na bibi yangu hatujawahi kulala na neno moyoni. Mkalimani alinitafsiri kwa hisia mpaka nikaanza kuamini maneno yangu.

Halafu Pasta akampa Kaswera maikrofoni.

Aliishikilia karibu na mdomo mpaka spika ikapiga mluzi. Akasema: "Mi naitwa Kaswera. Natoka Butembo. Mi nilizani nakuya croisière."

Mkalimani akamwomba aeleze croisière. Akaeleza. Meli nyeupe, watu wanakaa tu, wanaletewa kinywaji, wanaangalia visiwa. Wanawake wa wavuvi wakatazamana, wakatazama kisiwa chao, wakaanza kucheka. Akaeleza -ade. Akaeleza limonade. Hapo mkalimani mwenyewe alikaa chini.

"Bwana yangu hapana mubaya," akasema. "Hapigi, hanywi. Ni mwongo tu. Anadanganya vile batu wengine banaimba. Siku ya harusi alidanganya bajomba zangu wote mara moja, bakapiga makofi. Alinambia kofia ile ni ya bahari. Nilijiona mu kioo. Nilikuwa mzuri." Akanyoosha robe yake kwa mkono. "Sikukasirika ju ya injili. Nilikasirika ju nilikuwa nimevaa."

Hakuna aliyecheka hapo.

Kisha akageuka kwa wanaume wa kisiwa. "Na wewe mwenye jezi nyekundu, siku ya kuoa uliahidi nini?" Mwenye jezi nyekundu akatazama boti yake. Bibi yake akajibu kwa niaba yake, kwa Kiganda, kirefu. Mwanamke mwingine akasimama. Mwingine. Wanawake walivua vitambaa vya kichwa wakavipunga. Mzee mmoja alikiri habari ya kitanda cha chuma kinachongojwa tangu ujana wake. Pasta kwanza alipauka kama unga wa muhogo. Halafu akaona wanaume wanakuja mbele wenyewe, kwa safu, macho chini. Akainua mikono. Tangu aanze kazi ya visiwa, alisema, hajaona toba ya namna hii.

Wote walipiga magoti. Nikabaki nimesimama peke yangu kama mlingoti. Kaswera akaniangalia. Hakunyoosha kidole. Akaniangalia tu.

Nilipiga magoti. Lakini iandikwe: goti moja sikuligusisha chini sawasawa. Na yalipotua palikuwa na vidagaa.

Jumatano, tarehe 16 Julai. Kisiwa kingine.

Jina la Kaswera limetutangulia. Tunafika, watoto wanakimbia mchangani wakiita Mama Croisière. Pasta amepanga upya programu. Kambere sasa anasema mwanzoni kabisa, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Kaswera anafunga mkutano.

Na mimi natubu. Kila kisiwa. Anafika penye kofia, ananitazama, naanguka.

Wengine wangeona aibu. Mimi nimeona kazi inaweza kufanywa vizuri zaidi. Juzi nilianguka kwa upande. Jana nililia na kushika mchanga. Kambere amenichukia. Ameniambia machozi yangu hapana ya ukweli, yeye alipoteza bati za nyumba nzima, mimi nimepoteza nini. Nikamwambia kila mtu na paa lake. Akaenda kwa Pasta kusema navuruga upako.

Leo nikataka kummaliza. Nikaongeza dhambi. Nikatubu mbele ya kisiwa kizima kwamba niliwahi kuiba kengele ya kanisa. Watu walishika vinywa. Kambere alitazama chini. Mais Pasta, macho yamejaa machozi, akauliza ni kanisa gani, ili twende kuirudisha pamoja. Nikakwama. Kaswera akachukua maikrofoni.

"Kengele hakuiba," akasema. "Ile pia anadanganya."

Hata ng'ombe wa kisiwa walicheka. Pasta alisema ni mara ya kwanza kuona mtu anatenda dhambi katikati ya toba. Kambere alinipa mkono. Akasema hapo, ndugu, umenishinda.

Tulipoondoka bibi yangu alikwenda mbele. Nikakaa nyuma, karibu na injini, mahali pa vitu visivyotakiwa. Maji yalikuwa yametulia. Baadaye nikaona akiinama chini ya ubao. Akatoa kofia. Akaikung'uta, akaivaa. Akaniita kwa mkono bila kugeuka.

Nikaenda na mpira wangu.

Alikaa akitazama visiwa. Nikangoja. Akasema: "Bado nakasirika, Papa Séphora. Sana. Usizani nimezoea."

Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba chakula. Nikamuuliza atakasirika mpaka lini. Akasema hajui, hasira iko nyingi, inaweza kumaliza uzee wetu wote. Nikasema wasingya, asante, Mama Séphora.

Akaniambia nisogee, namzibia kisiwa.

Jumatano, tarehe 30 Julai. Butembo.

Tumerudi. Uso umeungua, magoti yamekuwa kama ya ngamia.

Quartier imetupokea. Nimewaeleza meli yenyewe, wafanyakazi wake, na jinsi abiria walivyompenda Kaswera mpaka kila kisiwa wakamwomba aseme maneno. Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Nimepanga tu. Mama wa kwaya amepata chupa yake ya mchanga. Anainusa na kuuliza kwa nini bahari inanuka ndakala.

Ushindi mkubwa ni wa Beni. Kitsa amepiga simu. Ornella ameona picha: dada yake kwenye boti, kofia, robe ya bluu, visiwa nyuma, umati unampungia vitambaa. Ameanza kutia sombe chumvi mara mbili. Anauliza kwa nini yeye alipewa alasiri moja tu Entebbe, dada yake akapewa mwezi. Kitsa akasema: "Beau, mwambie ilikuwa ya mahubiri." Nikamwambia siwezi kuingilia nyumba ya mtu. Na atume picha.

Naulizwa kama nimejifunza. Kaswera ndiye anayeuliza, kila asubuhi, kwa hasira safi kabisa. Nimejifunza. Nimejifunza kwamba neno la Kifaransa lisomwe lote, mkia na kichwa.

Ndiyo maana leo, kwenye mlango uleule wa photocopie, nimesimama nikasoma affiche mpya mara nyingi, polepole, kabla ya kuivua. SEMAINE DE JEÛNE. Kilimani, njia ya Lubero. Hapa hakuna mkia wa kunidanganya. Semaine ni wiki. Jeune ni kijana, na nilimsikia Pasta Élysée kwa masikio yangu, mzee wa mvi, akisema yuko hivyo siku nzima na bado ana nguvu za kuimba. Ni wiki ya kurudishwa ujana. Ile kofia ndogo juu ya herufi ni pambo, au labda ni ya jua.

Nikamwahidi Kaswera tutarudi kutoka kilimani kama siku ya harusi yetu. Aliisoma affiche. Akanitazama. Akaingia chumbani, nikasikia kitanda kinatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Aliporudi akasema yeye ujana wake unamtosha, niende peke yangu, na atanipigia pasi shati. Akauliza kama leo nitakula vizuri. Nikashangaa upole huo. Akanijazia sahani, akajaza tena.

Nimejiandikisha. Wamenipigia simu kuthibitisha, watu wa adabu sana. Wamesema niende mikono mitupu, nisibebe hata kipande cha mkate. Kila kitu kimepangwa.

Hoteli za kweli ndivyo zilivyo.